Daftari la Mialo: Kwa Boti Kutoka Kibirizi Hadi Karema

Kazi yenyewe

Tunashuka mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika kwa boti ya mbao, mwalo kwa mwalo (mwalo ni mahali pa ufukweni boti zinapotua), kuanzia Kibirizi, kando ya mji wa Kigoma, na Mungu akijalia tutaishia Kasanga karibu na mpaka wa Zambia. Njiani tunaandika daftari ambalo nahodha yeyote ataweza kulifungua na kulitumia: pa kushukia, pa kujificha upepo ukigeuka, petroli inapatikana kwa nani, na mtu wa kumwuliza. Njia ni ile ile ya Liemba, meli kongwe ya abiria ya ziwa hili. Ramani tunazo na vijiji vyote vimo, ila hakuna ramani hata moja inayomwambia nahodha aelekeze omo, yaani pua ya boti, wapi usiku akiwa na abiria.

Tupo watatu. Mjomba ndiye nahodha. Ujana wake wote aliumalizia kushusha watu kutoka Liemba kwa mtumbwi. Binamu yangu anashika mashine. Mimi naandika, napima kina, na napika kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali. Fedha zimetoka kwa wenye maboti kadhaa wa Kibirizi waliochanga, na nyingine kwenye mauzo ya mawese ya mama mkubwa, ambaye hajawahi kupanda boti na ameapa hatapanda.

Julai, Kibirizi

Boti tumeinunua kuukuu. Ina urefu wa mita 11, na kwa miaka mingi ilibeba abiria na magunia ya dagaa kwenye njia ya kaskazini, kupita Gombe na Mwamgongo mpaka Kagunga mpakani. (Kagunga ndiko wakimbizi wa Burundi walikojaa ufukweni mwaka 2015, hadi Liemba ikatumwa kwenda kuwachukua. Kwa kuwa gati hakuna, wote walifikishwa melini kwa maboti madogo ya aina hii yetu.) Ilipoanza kuvuja, mwenyewe aliiburuta mchangani akaliachia jua. Mbao zimeachana kiasi kwamba ukiinama ndani unawaona watoto wa nje wanaokuchungulia.

Fundi hakuwa na haraka. Aligonga ubao mmoja mmoja kwa kisigino cha shoka, kutoka omo hadi tezi kule nyuma, sikio karibu na mbao. Kila palipotoa mlio mzito uliokufa alipiga alama ya mkaa. Mkuku, uti wa mgongo wa boti, ni mzima. Mataruma (mbavu za ndani) mawili ya nyuma, yale yanayobeba mtikisiko wa mashine, yameoza pale misumari ilipopita. Mbao tatu za ubavu wa kushoto, chini ya mstari wa maji, za kutoa. Mjomba akauliza kama hatuwezi kupigilia bati juu yake tukaokoa pesa, kama wafanyavyo wengine.

"Mzee wangu," fundi akamjibu bila kuinua macho, "bati litakuficha wewe tundu. Maji yatalijua."

Tukanunua mninga. Bei yake sitaiandika hapa maana mama mkubwa husoma.

Kazi iliyonipendeza kuliko zote ni kalafati. Pamba inasokotwa kama utambi, inalowekwa kwenye mawese, kisha inashindiliwa kati ya mbao na mbao kwa patasi butu na nyundo ndogo. Watu wa pwani hutumia mafuta ya papa. Huku papa hatuna, lakini michikichi tunayo hadi uani kwa watu. Pamba ikizidi, ubao unasukumwa nje na misumari inalegea. Ikipungua, utakesha unafua maji. Fundi hapimi kwa kitu chochote. Anasikiliza nyundo inavyobadilika sauti, na hapo ndipo anaposimama.

Kabla ya kuitia boti majini tulitia maji ndani ya boti. Ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo. Watoto wa jirani wakachota ndoo kwa ndoo wakilipwa maandazi, na kila tone lililochungulia nje lilipigiwa chaki. Ubavu wa kulia ulikuwa na chaki nyingi kuliko kushoto tulikobadilisha mbao. Kwa hiyo maji yakamwagwa, na kalafati ya kulia ikatolewa yote na kuanza upya. Mwishowe tuliizamisha kwenye kina kifupi na viroba vya mchanga ndani, tukaiacha mbao zinywe maji na kuvimba. Mtu asiyejua alisimama akatupa pole kwa msiba wa chombo.

Agosti, bado Kibirizi

Mashine imefungwa: nguvu ya farasi 40, ya kuchanganya petroli na oili. Mkaguzi wa vyombo vidogo alikuja akahesabu jaketi okozi, akaangalia taa, kizima moto, makasia ya akiba na ndoo ya kufulia maji, kisha akaagiza idadi ya watu tunaoruhusiwa kubeba iandikwe ubavuni kwa rangi nyeupe. Binamu aliona ni usumbufu. Mimi, niliyekulia ufukwe huu na kusikia vilio vyake, naona rangi ile ndiyo sehemu ya boti yenye thamani kubwa.

Tungeweza kuondoka mara moja. Mjomba amekataa. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini hupiga kwa nguvu, na ziwa hili limelala kaskazini-kusini kwa urefu wa kama kilomita 670. Wimbi linalozaliwa huko Zambia lina njia yote hiyo ya kukua kabla ya kukufikia, na sisi tungelipokea usoni. Ikifika Novemba, mvua na radi zinakuwa zimeshakolea. Tunayo Oktoba.

Nafasi hii tumeitumia kukubaliana jinsi ya kuandika. Jambo linalotusumbua ni maji yenyewe. Tangu 2020 ziwa limepanda, na hapa Kibirizi limemeza vibanda na njia ambazo kila mtu alizijua. Wavuvi wanaelekezana bado kwa vitu vilivyo chini ya maji: "shukia pale palipokuwa na mgahawa." Daftari likiandikwa kwa kufuata mstari wa ufukwe litazeeka kabla ya boti. Tumeamua kila mwalo uandikwe kwa alama mbili zisizohama, moja karibu na moja mbali nyuma yake: mnara wa msikiti na kilele cha kilima, au jiwe kubwa na paa la kanisa. Nahodha akizipanga zikae mstari mmoja, amepata njia ya kuingilia, maji yawe yamepanda au yameshuka.

Alama hizi nyingi tumeletewa na wavuvi wa vipe, wale wanaofunga mitumbwi miwili pamoja na kuvua dagaa kwa taa. Mbalamwezi ikikolea hawaendi majini, kwa sababu dagaa hawafuati taa wakati ziwa zima lina mwanga. Siku hizo wanashona nyavu na wana muda wa kuongea. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, baadhi yao walifanya kazi ya kubeba mizigo kusini, na hao ndio wanaojua mialo ya mbali kuliko hata mjomba. Amelikubali hilo, ingawa kwa sauti ndogo.

Oktoba, ghuba ya Kigoma hadi Ujiji

Tumeng'oa nanga saa kumi na moja alfajiri. Kanuni ya safari ni kuwa majini kabla ya jua na kuwa mwaloni kufikia saa nne au saa tano, upepo wa mchana unapoanza kuchafua maji.

Bandari ya Kigoma tumeipita bila kusimama. Pale kila kitu kimeshaandikwa. Liemba ilikuwa kwenye matengenezo, na mjomba aliivulia kofia. Ujiji tulisimama. Umbali ni mfupi mno kiasi kwamba binamu aliona tunapoteza petroli, lakini huwezi kuandika mialo ya ziwa hili ukaruka ule uliokuwa mkuu wao.

Misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilikuwa ikiishia hapa. Burton na Speke walifika Februari 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta hapa Livingstone, na kabla mwaka haujaisha wakashuka pamoja kusini kwa mitumbwi mpaka Urimba, kisha wakakata nchi kavu kurudi Tabora. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya njia yetu ni yao, tofauti ni kwamba wao walikuwa na wapiga makasia na sisi tuna binamu anayelalamika.

Leo kutoka mnara wa Livingstone hadi majini ni mwendo wa miguu kupita katikati ya nyumba za watu. Mgeni hushangaa wale wazungu walikuwa wanashukia wapi. Ziwa la wakati ule lilikuwa juu zaidi. Mto pekee unaotoa maji humu, Lukuga, ulio ng'ambo ya Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Cameron, msafiri Mwingereza, aliuona hivyo mwaka 1874. Maji yakaendelea kupanda hadi mwaka 1878, kizuizi kikavunjika, na katika muda usiofika miaka ishirini ziwa likashuka kama mita 10. Ufukwe wa Ujiji ni tambarare, kwa hiyo mita 10 za kushuka zinakuwa mwendo mrefu wa kurudi nyuma. Kisha Wajerumani wakaleta reli, ikafika mwaka 1914, wakaipeleka Kigoma kwenye ghuba yenye kina. Meli kubwa hazikuihitaji tena Ujiji.

Ukiingia mwaloni leo unakuta boti zinachongwa, dagaa wameanikwa, na mama wauza migebuka hawana habari na Stanley. Mmoja aliniuliza tunapima nini na kamba yetu yenye mafundo na jiwe. Nikamweleza. "Andika basi," akasema, "kwamba hapa boti nzito inakwama mbali, na abiria wanabebwa mgongoni kwa hela." Nimeandika.

Mdomo wa Malagarasi

Rangi ya maji inabadilika kabla hujauona mto. Buluu ya ziwa inakatika, unaingia kwenye kahawia, na magugu yanaelea yakija kukulaki. Malagarasi ni mto mkubwa kuliko yote ya upande wa Tanzania inayoingia humu, na unashusha mchanga ambao unahamisha njia za maji kila msimu. Tumepunguza mwendo, binamu akiwa ameinua mashine nusu ili panga la mashine lisile tope, mimi nikiwa omo na kamba. Viboko wapo. Hatukuwasogelea na hatuna cha kusimulia.

Hapa nje ya mdomo ndipo Liemba ilipolazwa chini ya maji, wakati huo ikiitwa Graf von Goetzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, ikapanda reli, na ikaungwa tena Kigoma hadi kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanaikimbia Kigoma, mafundi wao waliipaka mashine zote grisi nzito kabla ya kuizamisha, kwa nia ya kurudi kuichukua. Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua ikazama tena Kigoma; Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta grisi imefanya kazi yake, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Mjomba hadithi hii anaisimulia kwa sababu ya grisi tu. Usiku ule alimfanya binamu atoe plagi zote za mashine, azifute, na azirudishe.

Mwalo wa Ilagala tumeuandika kwa kalamu ya risasi. Alama ya mbali ipo na haitahama, ila njia ya kuingilia inabidi ipimwe upya kila baada ya mvua, na daftari linasema hivyo waziwazi: usiingie bila mtu wa hapa.

Sigunga, kisha Herembe

Kutoka hapa kwenda kusini vilima vinasogea majini na barabara zinarudi nyuma. Hivi ndivyo vimji vya Liemba hasa. Katika njia yote ile meli ilipata gati sehemu chache tu. Kwingine kote ilisimama katikati ya maji, ikapiga honi, na mitumbwi ikatoka ufukweni kuifuata. Mjomba alituonyesha Sigunga jinsi ilivyokuwa. Mtumbwi unatoka mapema, unakaa upande usio na upepo ukiweka nafasi, kwa sababu wa kwanza kushika kamba ya mlangoni ndiye anapata abiria wengi. Kisha kila kitu kwa pamoja: mama na mtoto, gunia la mchele, kuku, godoro, mgonjwa, bati za mtu anayejenga. Waliotoka na walioingia walitumia mlango mmoja. Nauli ya mtumbwi ilikusanywa kabla ya kufika mchangani, "maana mchangani watu wanakuwa na mbio."

Honi ilikuwa saa ya kijiji. Mama mmoja wa Sigunga, ambaye alikuwa akipikia abiria wa usiku, alituambia alikuwa anaosha mchele akisikia honi ya kwanza na wali ukiiva mtu wa kwanza anakanyaga mchanga. Meli ilipoacha safari zake, hakufunga. Anapikia wavuvi, lakini sufuria kubwa ameikodisha kwa watu wa sherehe.

Kilichochukua nafasi ya meli ni maboti ya mbao yenye mashine, na hapa nina maoni yangu. Watu mjini huyaita ya hatari kisha wanaishia hapo. Hatari ipo kweli: usiku, mzigo kupita kiasi, upepo wa ghafla. Ila boti hizi zinafika kila mwalo na zinasubiri mgonjwa. Nahodha wake akiambiwa mapema ni wapi pa kukimbilia upepo ukigeuka, nusu ya hatari ile inaondoka kabla hata hajawasha mashine. Ndiyo maana tuko hapa.

Herembe tulikaa zaidi ya tulivyopanga kwa sababu ya upepo, na mwalo wake sasa ndio ulioandikwa vizuri kuliko yote daftarini. Kijana mmoja anayeuza petroli kwa chupa na madumu alichukua kalamu mkononi mwangu akachora mwenyewe mawe yaliyofichika, akiyapa kila moja jina la boti iliyoligonga.

Buhingu na Lagosa

Hapa ng'ambo yetu ni Kalemie, ambako Lukuga huanza safari yake kwenda mto Kongo. Asubuhi hewa ikiwa safi unaiona milima ya Kongo. Mwaloni utasikia Kiswahili cha Kigoma, cha Kongo, Kitongwe na Kibembe ndani ya mazungumzo ya mtu mmoja, na bei hutajwa kwa shilingi na kwa faranga kwa urahisi ule ule.

Tulimkuta mzee aliyekuwa mpiga debe wa mitumbwi wakati wa Liemba. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akamtazama mjomba kwa muda, akasema, "Wewe ulikuwa unashika kamba kwa mkono wa kushoto." Basi kazi ya siku hiyo ikaishia hapo, walikaa chini ya mwembe hadi jioni. Nilichopata kuandika ni kwamba mwalo wa zamani na wa sasa ni tofauti, na kati yao kuna visiki vya michikichi iliyokufia majini baada ya ziwa kupanda. Mchana unaviona. Usiku ndivyo vitakavyokutoboa.

Petroli hapa ni ghali. Kila dumu limepita mikono mingi, na bei inazidi kupanda kadiri unavyoteremka kusini.

Tukiipita Mahale

Hakuna pa kusimama kwa chombo kama chetu bila kulipa na kuruhusiwa: ni hifadhi ya taifa tangu 1985, na mpaka wake unaingia majini kilomita 1.6. Tumepita nje yake. Mlima Nkungwe unafika mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lenyewe liko kwenye mita 770 hivi, kwa hiyo ukuta wa msitu uliokuwa kushotoni mwetu una karibu mita 1,700 za kupanda moja kwa moja. Watafiti wa Kijapani wamekuwa wakiwafuatilia sokwe humo tangu 1965. Sisi hatukuona hata mmoja, na mjomba alikuwa anatazama kitu kingine: mabonde. Hewa ya baridi hushuka kwa ghafla kupitia mabonde hayo usiku, na boti inayopita karibu na ufukwe hupigwa ubavuni bila onyo. Tumeyaandika mabonde yote kwa mpangilio wake, na ushauri wa kupita mbali ikiwa ni usiku.

Huu ndio mkato mrefu kuliko yote bila mwalo, na katikati yake mashine ilianza kupoteza nguvu. Ilikuwa ni maji ndani ya petroli. Binamu alichuja dumu zima kwa kitambaa huku tunayumba, akabadilisha chujio, na tukaendelea. Petroli ya chupa ni ya kuchuja kabla ya kumimina. Hilo limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Kalya, Ikola

Kalya ndio mwisho wetu wa mkoa wa Kigoma. Tulifika mchana kweupe, kukaja umati uliodhani tumeleta abiria, ukaondoka ulipoona ni kamba na daftari. Dagaa wa hapa wanaanikwa mchangani na wengine juu ya chanja. Wa chanja wana bei nzuri zaidi kwa kuwa hawana mchanga, na wafanyabiashara wanaowafuata wanatoka mbali kupita ninavyofikiria.

Ikola iko Katavi, na hapa tabia ya mji inabadilika. Wenyeji wanatazama nchi kavu, kwa Mpanda. Boda boda ni nyingi kuliko mitumbwi ya kushushia. Mwalo hauna mtu anayeuita wake, na ilituchukua muda kumpata wa kumwuliza. Nimeuandika kwa ufupi.

Karema

Tumeingia Karema kwa alama ambayo hatukuhitaji kuitafuta: kanisa lililo juu kilimani.

Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika walijenga ngome yao hapa mwaka 1879, mwaka mmoja tu baada ya Lukuga kufunguka. Waliichagua sehemu iliyokuwa jirani na maji. Ziwa likawakimbia. Likaendelea kushuka mwaka hadi mwaka na kuwaachia tambarare ya tope kati ya ngome na mitumbwi yao. Mwaka 1885 wakawakabidhi Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, na ngome ikawa misheni. Adrien Atiman alihudumu hapo: mtu aliyezaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kutibu watu wa mwambao huu hadi alipofariki mwaka 1956. Bado anatajwa hapa, na wasimulizi wengi hawana umri wa kutosha kuwa walimwona.

Chini, majini, kuna bandari mpya iliyokamilika mwaka 2022, yenye gati la kweli, iliyojengwa kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Baada ya mialo yote ile ya kuruka majini na suruali mkononi, mjomba alifunga kamba kwenye nguzo ya gati, akashuka na viatu vyake vikavu, akatembea hadi mwisho wa saruji na kurudi.

"Pazuri," akasema. "Lakini mtumbwi utauweka wapi?"

Swali lake si la kubeza. Gati limeinuka kwa kipimo cha meli. Mtu wa mtumbwi na kipande cha samaki wake anahitaji mchanga. Wavuvi wametuonyesha wanaposhukia, pembeni kidogo, na hapo ndipo tulipopima. Kwa hiyo Karema ina kurasa mbili daftarini: moja ya gati, moja ya mchanga, na alama ya zote ni lile kanisa.

Hali ya mradi kwa sasa

Mvua imeanza. Sehemu ya kaskazini, Kibirizi hadi Karema, imekamilika isipokuwa Ilagala, ambayo itapimwa kila mwaka, na Ikola, ambayo nataka kuirudia nikiwa na mtu wa pale. Kabwe, Kirando, Kipili na Kasanga zinasubiri mvua zipungue na upepo wa kusini uwe haujaanza. Muda huo ni mwembamba, na mjomba ndiye atakayeamua.

Boti imepandishwa juu ya magogo Karema, kavu, imefunikwa turubai. Binamu amebaki nayo kwa ndugu wa mkewe. Kalafati ya fundi haijatoa hata uzi. Panga la mashine limeliwa na mchanga wa Malagarasi na linahitaji jingine, pamoja na chujio mbili za petroli, kamba mpya ya kupimia, na rangi nyeupe kwa sababu ile ya mkaguzi imechubuka.

Mimi na mjomba tunarudi kwa nchi kavu: gari hadi Mpanda, treni hadi Kaliua, kisha treni ya Kigoma. Nakala za kwanza zitaandikwa kwa mkono na kupewa wenye maboti waliochanga, wakiwa na ruhusa ya kusahihisha pembeni. Tayari mmoja ametuma ujumbe kwamba jiwe la tatu la Herembe tumelipa jina la boti isiyo yake.